Kupanga au Kununua: Hesabu Yetu ya Kileleshwa na Nyumba ya Mama Kisauni

Mwezi Machi mwaka 2025 mimi na mume wangu tuliketi mbele ya afisa wa mikopo wa benki moja jijini Nairobi, tukakabidhiwa karatasi mbili zilizobanwa pamoja na kuambiwa kwamba masharti yaliyomo yangedumu kwa siku 30. Karatasi ya kwanza ilihusu fleti ya vyumba vitatu vya kulala katika jengo jipya la ghorofa 16 mtaani Kileleshwa, bei yake shilingi milioni 14.5. Ya pili ilihusu mkopo wa rehani wa shilingi milioni 11.6, wa kulipwa kwa miaka 20, kwa riba ya asilimia 14.5 ambayo benki ingeweza kuipandisha au kuishusha kadiri soko litakavyokwenda. Asilimia 20 ya bei, yaani shilingi milioni 2.9, ilikuwa juu yetu. Tulizichukua karatasi zile, tukashukuru, na kwa majuma matatu yaliyofuata hatukuzungumza jambo jingine mezani watoto walipokwisha kulala.

Tunaishi katika fleti ya kupanga, mwendo wa dakika kumi kwa miguu kutoka jengo lile, na tumekaa humo miaka saba. Kodi ni shilingi 80,000 kwa mwezi, na ndani yake imo ada ya huduma za jengo: ulinzi, usafi, lifti, jenereta na maji ya kisima. Ukubwa wa fleti yetu na wa ile iliyokuwa ikiuzwa unakaribiana sana. Ile mpya ina lifti mbili na bwawa la kuogelea. Yetu ina baraza pana na mjakaranda nje ya dirisha la sebule. Ninayataja haya kwa sababu hesabu ya kupanga na kununua isiyolinganisha nyumba zinazofanana ni kazi bure, na ndiyo inayofanywa na wengi: mtu hulinganisha kodi ya nyumba ndogo anayoishi leo na bei ya nyumba kubwa anayoitamani, kisha hushangaa kwa nini majibu hayamsaidii.

Mama yangu, aliyeko Kisauni, Mombasa, alikuwa na jibu lake hata kabla ya kuulizwa. Kila ninapompigia simu mwisho wa mwezi huniuliza kama tumekwisha kulipa kodi, kisha husema, "Mwanangu, mpaka lini utawalimia watu shamba lao?" Maneno yake nayachukulia kwa uzito. Yeye na marehemu baba walijijengea nyumba mwaka 1983 kwa mshahara wa karani wa bandarini, na lipo jambo moja kuhusu nyumba hiyo lililowasumbua miaka yote, ambalo ndilo lililokuja kunifumbua macho kuhusu Kileleshwa. Nitalifikia.

Mimi ni mhasibu, kwa hiyo nilianza na tarakimu. Mkopo ule ungetugharimu takriban shilingi 148,500 kila mwezi. Ukiongeza ada ya huduma ya shilingi 9,000 ambayo mwenye fleti hulipa mwenyewe, jumla inafika shilingi 157,500, karibu mara mbili ya kodi tunayolipa. Hilo pekee halinitishi, kwa kuwa mtu anaweza kukubali kulipa zaidi leo ili kesho awe na chake. Lililonishtua lilikuwa mstari wa kwanza wa jedwali la malipo. Katika zile shilingi 148,500 za mwezi wa kwanza, zaidi ya 140,000 ni riba, na kinachopunguza deni ni shilingi 8,300 hivi. Mume wangu aliniomba nirudie hesabu. Nikairudia, ikawa ileile. Baada ya miaka mitano tungekuwa tumeipa benki karibu shilingi milioni 8.9, na deni lingekuwa limeshuka kutoka milioni 11.6 hadi karibu milioni 10.9. Hadi mwisho wa miaka 20, kama riba isingebadilika, tungekuwa tumelipa shilingi milioni 35.6 kwa mkopo huo, mbali na pesa zetu za mwanzo.

Watu husema kwamba kodi ni pesa inayopotea. Ni kweli kwamba kodi hairudi. Lakini riba nayo hairudi, wala ada ya huduma, wala ushuru wa stempu wa asilimia 4 ambao mnunuzi huilipa serikali, na ambao kwa fleti ile ungekuwa shilingi 580,000, wala malipo ya wakili, ya mthamini na ya usajili ambayo wakili wetu aliyakadiria kuwa shilingi 300,000. Mpangaji hupoteza kodi. Mnunuzi wa mkopo hupoteza hivyo vyote, kisha anabaki na tumaini kwamba bei itapanda vya kutosha kumfidia. Swali la haki, basi, ni hili: kati ya wawili hao, ni nani anayepoteza zaidi kwa mwezi? Katika mwezi wa kwanza sisi tungepoteza 80,000 tukiwa wapangaji, na karibu 149,000 tukiwa wenye nyumba, kabla ya kugusa ushuru wa stempu.

Kisha kuna faida ya pesa za mwanzo, ambayo wauzaji hawaitaji kamwe. Tulikuwa na akiba ya takriban shilingi milioni 3.8, tuliyoikusanya kwa miaka kumi na mmoja. Milioni 2 kati yake tulikuwa tumeziweka katika hati fungani ya miundombinu, yaani hati ya kuikopesha serikali, ambayo serikali ya Kenya iliitoa Februari 2024, wakati ilipokuwa ikihitaji pesa sana, kwa riba ya asilimia 18.46 isiyotozwa kodi. Tuliinunua kupitia DhowCSD, mfumo wa Benki Kuu ya Kenya ambao mtu huutumia kwa simu yake. Hati hiyo hutulipa shilingi 184,600 kila baada ya miezi sita, yaani kodi ya nyumba yetu ya zaidi ya miezi miwili. Zilizobaki zimo katika Sacco ya kazini kwa mume wangu. Kununua fleti kungemaanisha kuuza hati ile na kuikomba Sacco.

Nikageuza hesabu upande wa pili, nikajiuliza: kama ningekuwa mwekezaji mwenye pesa taslimu, fleti hii ingenilipa kiasi gani? Kodi ya shilingi 960,000 kwa mwaka, ukitoa ada ya huduma, inabaki 852,000, ambayo ni asilimia 5.9 ya bei. Hapo sijatoa miezi ambayo fleti hukaa bila mpangaji, sijapaka rangi, wala sijalipa ile kodi ya serikali ya asilimia 7.5 inayotozwa mapato ya nyumba za kupangisha. Kwa maneno mengine, benki ilitutaka tukope kwa asilimia 14.5 ili tupate kitu kinacholipa chini ya asilimia 6. Pengo hilo la zaidi ya asilimia 8 lingelazimika kuzibwa na kupanda kwa bei, kila mwaka, bila kukosa. Kwangu mimi hapo ndipo neno kiputo linapopata maana. Nyumba kuwa ghali si kiputo. Kiputo ni bei isiyoweza kusimama kwa kodi ambayo wapangaji wako tayari kulipa, bali husimama juu ya matarajio kwamba atatokea mnunuzi mwingine wa kulipa zaidi.

Nilipokuja Nairobi kusoma mwaka 2004, Kileleshwa na Kilimani zilikuwa bado mitaa ya nyumba za chini zenye paa za vigae, ua wa michongoma na mbwa nyuma ya lango. Leo viwanja hivyohivyo vimebeba minara. Sababu zake hazifichiki: wazee waliokuwa na viwanja waliuza au walikufa, watoto wakagawana, ruhusa za kujenga kwenda juu zikatolewa, barabara zikapanuliwa, na Wakenya walioko nje wakaendelea kutuma pesa nyumbani, karibu dola bilioni 5 mwaka 2024 pekee, sehemu yake ikaishia katika mawe na saruji. Kila sababu kati ya hizo ni ya kweli. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba hakuna hata moja kati yake iliyoongeza mshahara wa mtu anayelipa kodi.

Jengo la fleti ile iliyokuwa ikiuzwa linaonekana vizuri kutoka barazani kwetu. Kwa usiku tatu mwezi wa Aprili, saa mbili na nusu, nilisimama na daftari nikahesabu madirisha yenye mwanga. Jengo lina fleti 64 na lilikuwa limekamilika kwa mwaka mmoja na miezi kadhaa. Usiku wa kwanza nilihesabu fleti 19 zenye taa, wa pili 22, wa tatu, ambao ulikuwa Jumamosi, 27. Ninajua kwamba watu husafiri na wengine hulala mapema. Ninajua pia kwamba ongezeko la Jumamosi lilitokana na fleti zinazokodishwa kwa usiku mmoja mmoja kwa wageni, kwa maana nilisikia muziki wao. Hata hivyo, jengo ambalo zaidi ya nusu ya fleti zake ziko gizani, na ambalo bango lake linasema kwamba zimebaki chache tu, linahitaji kuangaliwa mara mbili.

Nyumba njema si mlango, nasi tulikuwa tumeonyeshwa mlango tu: fleti ya maonyesho, yenye mazulia na maua. Kwa hiyo nilirudi peke yangu siku ya Jumanne asubuhi, nikazungumza na mlinzi na mama mmoja anayeishi ghorofa ya saba. Nilipokuwa pale malori mawili ya maji yaliingia. Yule mama alinieleza, kwa upole mkubwa, kwamba kisima hakitoshi hata kwa wakazi waliopo, kwamba lifti moja haijafanya kazi tangu Januari, na kwamba ada ya huduma imekwisha kupandishwa mara moja kwa sababu wenye fleti tupu hawalipi. "Dadangu," aliniambia, "mimi ningeanza kwa kupanga humu." Tangu siku hiyo nimekuwa nikimshauri kila anayeniuliza kwamba kabla ya kununua fleti apange katika jengo hilohilo japo kwa miezi sita, kwa maana nyumba usiyolala ndani huijui ila yake.

Sasa, mtu anaweza kusema: ikiwa hiki ni kiputo, basi subiri kipasuke ununue kwa bei nafuu. Binamu yangu amekuwa akisubiri tangu mwaka 2014. Sidhani kwamba kitapasuka kwa namna anayoifikiria, na sababu yake inafaa kuelezwa kwa kirefu kidogo. Nchini Marekani, ambako bei za nyumba zilishuka kwa zaidi ya robo baada ya mwaka 2006, mamilioni ya familia zilikuwa na mikopo ya nyumba. Riba za mikopo mingi zilipopanda wakashindwa kulipa, benki zikachukua nyumba na kuziuza kwa haraka, na kila nyumba iliyouzwa kwa haraka ikaishusha bei ya jirani yake. Kenya nzima, nchi ya watu zaidi ya milioni 50, ina mikopo ya rehani takriban 30,000 tu. Katika sensa ya mwaka 2019, kaya tisa kati ya kumi jijini Nairobi zilikuwa za wapangaji. Wengi wa wenye majengo wamejenga kwa pesa taslimu, au kwa pesa za wanunuzi waliolipa kidogo kidogo kabla jengo halijakamilika. Mtu wa namna hiyo hakuna anayemlazimisha kuuza. Ataiacha fleti tupu miaka mitatu kuliko kukubali kwamba ilimgharimu zaidi ya thamani yake.

Ndiyo maana kiputo cha Nairobi, kama kweli ni kiputo, huvuja polepole badala ya kupasuka. Bei iliyoandikwa haishuki. Badala yake mnunuzi huongezewa nafasi ya pili ya gari, kabati za jikoni, malipo ya wakili, muda wa kulipa unaosogezwa kutoka miezi 12 hadi 36. Wakati huohuo shilingi yenyewe inapungua nguvu. Fleti iliyokuwa ikiuzwa milioni 14.5 na ambayo bado inauzwa milioni 14.5 baada ya miaka sita ya mfumuko wa bei wa asilimia 6, imepoteza karibu asilimia 30 ya thamani yake halisi bila gazeti lolote kuandika habari hiyo. Anayesubiri kishindo hatakisikia. Na aliyekopa kwa asilimia 14.5 kununua kitu cha namna hiyo anaumia mara mbili, kwa kuwa riba yake inahesabiwa kila mwezi ilhali bei imesimama.

Kwa hiyo tulikubaliana mapema, mimi na mume wangu, kwamba uamuzi wetu usitegemee utabiri. Ulipaswa kuwa uamuzi ambao tungeweza kuuishi kama bei zingeshuka, kama zingesimama, na hata kama zingepanda tukabaki tukiwatazama majirani.

Niseme neno kuhusu kanuni zinazozungushwa mtandaoni. Ipo ile inayosema ugawe bei ya nyumba kwa kodi ya mwaka mzima, na ukipata 15 au pungufu, ununue. Kwa fleti ya Kileleshwa jawabu ni 15.1, na mume wangu alipoiona alifurahi. Lakini kanuni hiyo ilizaliwa katika nchi ambako mtu hukopa kwa riba ya chini sana kuliko yetu, na mara nyingi riba haibadiliki kwa miaka 30. Ukiileta mahali ambapo mkopo ni asilimia 14.5 na benki inaweza kuubadilisha kwa barua, haipimi tena kile ilichoundwa kupima. Kwa riba yetu, nyumba ambayo kodi yake ya mwaka ni 960,000 ingepaswa kuuzwa kwa bei ya chini sana kuliko hiyo ndipo mkopo wake uanze kukaribiana na kodi.

Upo ukweli wa upande wa pili, na sitaki kuuficha. Riba zimekuwa zikishuka. Benki Kuu ilikuwa na kiwango cha msingi cha riba cha asilimia 13 katikati ya mwaka 2024, na kufikia Oktoba 2025 kilikuwa kimefika asilimia 9.25. Kama mkopo wetu ungeshuka hadi asilimia 11, malipo yangekuwa kama shilingi 120,000. Kwa asilimia 9, kiwango kinachotajwa na baadhi ya benki na Sacco zinazopata pesa kupitia kampuni ya KMRC, ambayo serikali na wakopeshaji waliianzisha ili kupunguza bei ya mikopo ya nyumba, malipo yangekuwa kama 104,000, na hapo mazungumzo yetu yangekuwa tofauti. Mikopo hiyo ina kikomo cha ukubwa, na fleti ya milioni 14.5 haikuingia. Anayetafuta nyumba ya bei ya chini zaidi afuatilie mlango huo kabla ya kugonga mwingine wowote. Lakini asifanye hesabu ya leo kwa riba ya kesho. Nakumbuka mwaka 2016, sheria ilipowekea benki ukomo wa riba, wengi walidhani mikopo ya nyumba itakuwa rahisi; benki zikapunguza kukopesha, na ukomo ukaondolewa Novemba 2019.

Kuhusu kununua jengo ambalo bado ni mchoro, sina mengi. Mfanyakazi mwenzangu alilipa asilimia 30 mwaka 2019, na kilichopo hadi leo ni nguzo na dimbwi la mvua. Bei ya mchoro ni nafuu kwa sababu mnunuzi ndiye anayemkopesha mjenzi, bila dhamana.

Kilichobaki kilikuwa hati ya umiliki, na hapa ndipo nilipomkumbuka marehemu baba.

Nyumba yetu ya Kisauni ni ya Kiswahili: ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu kila upande, ua nyuma wenye jiko na kisima. Baba aliijenga kwa udongo na boriti, akaibadilisha ukuta mmoja mmoja kuwa wa mawe kadiri mshahara ulivyoruhusu. Nyumba ni yetu. Ardhi si yetu. Kwa watu wa Pwani hili halihitaji maelezo, lakini wasomaji wa bara huwa hawaamini nikiwaeleza kwamba Mombasa ina maelfu ya nyumba bila ardhi: mwenye kiwanja hukuruhusu kujenga, wewe humlipa kodi ya ardhi kila mwezi, nyumba unaweza kuiuza, kuirithisha au kuipangisha, ila udongo ulioko chini yake ni wa mwingine. Mama ana kopo la biskuti lililojaa risiti za kodi hiyo tangu mwaka 1983, za mwanzo zikiwa zimeandikwa kwa wino wa buluu uliofifia hadi kuwa kama maji. Siku hizi ni shilingi 1,500 kwa mwezi. Na kwa miaka yote hiyo, kila gari geni liliposimama barabarani na watu wakashuka na mkanda wa kupimia, baba alikuwa akitoka nje na kusimama mlangoni bila kusema kitu. Upande wa pili wa barabara yetu kiwanja kiliuzwa kwa mtu wa mbali, na nyumba nane zikabomolewa kwa siku mbili. Waliokuwa wakizimiliki walilipwa fidia ya mabati na mbao.

Basi wakili wetu alipofanya upekuzi wa hati ya Kileleshwa, nilimuuliza swali ambalo mtoto wa Kisauni hulijua kabla ya kujua kusoma: ardhi ni ya nani? Alinieleza kwamba kiwanja kizima kina hati moja ya ukodishaji wa miaka 99, na imebaki miaka 41. Hati hiyo imewekwa rehani kwa mkopeshaji wa mjenzi. Sheria ya mwaka 2020 kuhusu majengo yenye wamiliki wengi inaruhusu kila fleti ipate hati yake, lakini mjenzi wa jengo lile alikuwa bado hajaigawa, na kabla mkopeshaji wake hajaachilia hati, tungekuwa na makubaliano na risiti tu. Nikamwambia mume wangu kwamba naijua nyumba hii. Ina lifti, lakini naijua.

Sisemi kwamba kupanga hakuna uchungu. Sheria ya Kenya inayodhibiti kodi za nyumba inawalinda wapangaji wa nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kiwango ambacho Nairobi ya leo imekisahau. Sisi wa 80,000 tunalindwa na mkataba wetu tu, na mkataba wetu ulikuwa dhaifu. Kwa hiyo badala ya kuhama au kununua, nilimwandikia mwenye nyumba barua ya kurasa mbili. Nilimweleza kwamba fleti tatu katika jengo letu ziko tupu, kwamba hatujachelewesha kodi hata mwezi mmoja kwa miaka saba, na kwamba tungependa kubaki. Tulikubaliana kodi isipande kwa miaka miwili, notisi ya kuondoka iwe miezi mitatu kwa pande zote mbili, na tupake rangi vyumba vya watoto kwa gharama yetu. Fleti zikiwa nyingi kuliko wapangaji, mpangaji mwenye rekodi nzuri ana sauti, na nasikitika kwamba sikuitumia mapema.

Ofa ya benki iliisha muda wake siku ya 30. Nilimpigia simu yule afisa nikamshukuru, kwa maana alikuwa ametuhudumia kwa heshima. Bango la jengo lile lingali pale na bei ileile, ila sasa limeongezwa maneno kwamba mnunuzi atapewa nafasi ya pili ya gari.

Mwezi huohuo wa Aprili mama alipiga simu kusema kwamba warithi wa mwenye ardhi ya Kisauni wameamua kukigawa kiwanja na kuuza, na kwamba wenye nyumba wamepewa nafasi ya kwanza. Sehemu yetu walitaka shilingi milioni 2.4. Mhasibu aliyemo ndani yangu aliruka. Kodi ya ardhi ya 1,500 kwa mwezi ni 18,000 kwa mwaka; ukigawa bei kwa kodi hiyo unapata miaka 133. Kwa kanuni yoyote niliyoitaja hapo juu, huo ni wazimu. Nililala nikiamini hivyo kwa usiku mbili.

Kisha niliona kwamba nilikuwa nimelinganisha vitu visivyolingana, kosa lilelile ninalowaonya wengine. Tunachokiokoa kwa kuinunua ardhi ile ni zaidi ya shilingi 1,500. Mama anaishi katika vyumba viwili na kupangisha vinne, kila kimoja kwa 4,500, nazo ndizo pesa zinazomlisha: 216,000 kwa mwaka, ambayo ni asilimia 9 ya bei ya ardhi, bila kuhesabu kwamba yeye mwenyewe ana pa kulala. Nyumba ile ikibomolewa, vyote hivyo vinakwenda, na sisi watoto ndio tutakaompangia nyumba mahali pengine. Hakuna mkopo ndani yake. Hakuna fleti 64 za kushindana nazo. Wapangaji wake ni mafundi na wauza samaki ambao wamekaa humo muda mrefu kuliko mimi nilivyokaa Nairobi. Kama bei ya ardhi Kisauni itashuka kesho kwa nusu, mama ataendelea kulala kwake na vyumba vitaendelea kulipiwa.

Tuko wanne kwa mama. Tulikubaliana kuchanga, na sehemu yetu mimi na mume wangu ni shilingi 900,000, ambazo tumezitoa katika Sacco; hati fungani hatukuigusa. Asilimia 10 ya bei imelipwa na inashikiliwa na wakili hadi mpimaji atakapokamilisha mgawanyo na kila sehemu kupata hati yake. Amekwisha kusimika vigingi vinne vyenye rangi nyekundu, kimoja kikiwa karibu sana na kisima, na mama amewakataza wajukuu kukigusa. Juzi aliniuliza kama aendelee kulipa ile 1,500 hadi hati itoke. Nilimwambia alipe, na risiti aiweke katika kopo pamoja na nyingine. Nami tarehe 5 nililipa kodi ya Kileleshwa.